Sumaku si ukuta: Kesi ya alama mbili kutoka Nakuru

MWALIMU mmoja anayefunza Kiswahili katika shule ya upili viungani mwa jiji la Nakuru alinipigia simu juma lililopita akitaka nimwamulie kesi. "Profesa," alisema baada ya salamu, "hii ni ya alama mbili tu, lakini imeninyima usingizi."

Kesi yenyewe ilihusu kifungu cha ufahamu katika mtihani wa pamoja wa Kidato cha Nne. Kifungu kilizungumzia kile wanahabari wetu wamezoea kukiita "jua bandia", yaani mitambo inayojaribu kuunganisha viini vya haidrojeni ili itoe nishati kama jua lifanyavyo. Swali la tatu liliwataka watahiniwa waeleze ni nini kinachoizuia plazma kugusa kuta za mtambo. Mwongozo wa usahihishaji ulikubali jibu moja tu: kwamba imefungiwa ndani ya uwanja wa sumaku, ambao ni kama ukuta usioonekana.

Msichana mmoja aliandika kwamba sumaku haifungi kitu. Alisema chembe "zinazungukanga" mistari ya sumaku kwa sababu ziko na chaji, na zile hazina chaji zinatoka tu. Akapata sufuri. Hakunyamaza. Alibeba karatasi yake hadi kwa mwalimu wa fizikia, naye akampigia tiki kubwa ya wino wa kijani kando ya ile sufuri nyekundu. Sasa walimu hao wawili wanakunywa chai katika chumba kimoja bila kuangaliana sana.

"Mimi nasahihisha ufahamu, sisahihishi fizikia," mwalimu wa Kiswahili alijitetea. "Jibu lazima litoke kwenye kifungu. Ama nimekosea?"

Nilimwomba anitumie kifungu, akakipiga picha na kukituma kwa simu. Nimekisoma mara nne. Kabla sijakikosoa, nimpe mtunzi haki yake. Lugha yake inateleza, sentensi hazijajikwaa, na hakuchukua habari za zamani akazipaka rangi. Anajua kwamba mnamo Januari 2025 mtambo wa China uitwao EAST uliidhibiti plazma kwa sekunde 1,066, na kwamba mwezi uliofuata mtambo wa Ufaransa, WEST, ukafikisha sekunde 1,337. Ni nadra kupata kifungu cha mtihani wa Kiswahili chenye habari mbichi namna hiyo. Wengi wetu tungali tunawapa watoto ufahamu kuhusu faida za kupanda miti.

Taabu yangu ni neno ukuta. Linatokea mara tano, na kila linapotokea linazidi kupotosha.

Tuanze na kitu chenyewe. Plazma ni gesi iliyochomwa hadi elektroni zikabanduka kutoka kwenye viini. Kinachobaki ni chembe zenye chaji zinazokimbia ovyo, nyingine chanya, nyingine hasi. Ndani ya mitambo hii joto huhitajika kufika takriban nyuzi milioni 150 za Selsiasi, mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Mtunzi anasema plazma ikigusa ukuta wa chuma, chuma kitayeyuka. Kuna ukweli hapo, maana hata tangsteni, chuma kigumu kuliko vyote kuyeyuka, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Lakini amesahau upande wa pili wa habari, ambao ndio unaowatesa wanasayansi zaidi. Plazma hiyo ni nyepesi mno, nyepesi kuliko hewa tunayovuta kwa zaidi ya mara laki moja. Ikigusa ukuta, yenyewe ndiyo inayoumia kwanza: inapoa, inachafuka kwa punje za chuma, na moto unazimika. Ukisoma kifungu unadhani tunaulinda ukuta dhidi ya plazma, ilhali kazi kubwa ni kuilinda plazma dhidi ya ukuta.

Sasa sumaku inaingiaje? Chembe yenye chaji ikipita penye nguvu za sumaku husukumwa ubavuni. Haisukumwi usoni ikarudi nyuma, wala haisukumwi mgongoni ikaongeza kasi. Ni ubavuni tu, kila wakati. Kitu kinachosukumwa ubavuni bila kukoma huishia kuzunguka. Kwa hiyo chembe inauzunguka mstari wa sumaku kama mzabibu unavyoupanda mti, huku ikiendelea na safari yake kuufuata mstari huo bila kizuizi chochote. Hapa ndipo mfano wa ukuta unapoporomoka, kwani ukuta huzuia pande zote sawasawa. Sumaku huzuia kukatiza mstari, haizuii kuufuata.

Nilitafuta mfano ambao mtoto wa Nakuru angeuelewa bila kamusi, nikakumbuka mbwa wa boma moja kule Lanet. Mnyororo wake haukufungwa kwenye mti. Ulifungwa kwenye pete inayoteleza juu ya waya mrefu uliovutwa kutoka pembe moja ya kiwanja hadi nyingine. Mbwa yule alikuwa huru kabisa kukimbia kuufuata waya, lakini hangeweza kwenda mbali nao kushoto wala kulia. Ondoa ukuta kwenye kifungu, weka mbwa huyo, na nusu ya fizikia itakuwa imeshaelezwa kwa Kiswahili ambacho hata mlinzi wa lango anakijua.

Na ukiwa na mbwa huyo, swali linalofuata linakuja lenyewe: akifika mwisho wa waya je? Ndilo swali lililowashughulisha wanasayansi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukiiweka plazma katika bomba lililonyooka, chembe zinavuja kwenye ncha mbili. Dawa yake ni kuukunja waya uungane na mkia wake, uwe mviringo usio na mwisho. Lakini mviringo nao una ugonjwa wake. Upande wa ndani sumaku ni kali kuliko upande wa nje, na tofauti hiyo hufanya chembe chanya zielee polepole kuelekea juu na hasi kuelekea chini, au kinyume chake, mpaka plazma nzima inatupwa nje. Lyman Spitzer kule Marekani, na Tamm na Sakharov kule Urusi, kila upande kwa njia yake, walifikia wazo moja: mistari ya sumaku isiende mviringo tu, isokotwe. Chembe ikipita juu ya mviringo sasa, baadaye itapita chini, na kule kuelea kutajifuta.

Kusokota! Kiswahili kina kitenzi hicho tangu jadi. Mtu yeyote aliyewahi kupita Mogotio akaona mashamba ya mkonge anajua kwamba nyuzi zilizolala sambamba hazishiki, mpaka zisokotwe ndipo ziwe kamba. Mtunzi wa kifungu alikuwa na neno hili mlangoni pake. Badala yake aliandika kwamba sumaku "zimepangwa kwa mfumo changamano wa kijiometria". Sijui ni mtahiniwa gani aliyefaidika na sentensi hiyo. Mimi mwenyewe niliisoma mara mbili nikaona haijasema kitu.

Huu ndio ugonjwa ninaoulalamikia katika uandishi wetu wa sayansi, na mtunzi huyu si mgonjwa wa kwanza wala wa pili. Tunakimbilia nomino. Tukikutana na jambo la kisayansi tunauliza, "Hii inaitwaje kwa Kiswahili?" Mara chache tunauliza, "Hii inafanya nini?" Sumaku na plazma ni mambo ya kutenda: kuzunguka, kuteleza, kuelea, kusokota, kuvuja. Vitenzi vyote tunavyo, na vya kutosha kurushia ndege mawe.

Nisieleweke vibaya. Nomino nazo zina vita vyake. Mwalimu ananiambia darasa zima liliuliza, "Mwalimu, kwani hii plazma si ile ya damu?" Swali si la ujinga. Irving Langmuir, Mmarekani aliyeipa gesi hii jina hilo miaka ya 1920, alilichukua neno ambalo madaktari walikuwa wameshalizoea kwa maji ya damu. Wazungu wenyewe hawajawahi kuutatua mgongano huo. Wapo waandishi wetu wanaopendekeza utegili ili kuukwepa. Mimi utegili haujanikaa mdomoni. Mwanafunzi hawezi kuuvunja akaona mzizi wake, na neno lisilojieleza halimzidi plazma kwa lolote isipokuwa ugeni. Basi na tubaki na plazma, mwalimu aongeze sekunde kumi za maelezo.

Kuhusu uwanja wa sumaku, ninalegea kidogo. Kwa mtoto wa Nakuru, uwanja ni Afraha: nyasi, mistari ya chokaa, na mashabiki. Kitu bapa chenye mipaka. Waandishi wengi wa sayansi hutumia uga, nami nimewahi kuutetea nikisema ni neno lililopumzika, hivyo linaweza kupewa kazi mpya. Utetezi huo umeharibiwa na wenzangu wa kurasa za michezo, ambao siku hizi hawaandiki uwanja tena. Kila mechi ni "ugani Kasarani" na "ugani Afraha". Hata hivyo uga wa sumaku ni jina fupi, na limeshaanza kuzoeleka. Nitaendelea nalo bila ushabiki.

Ambalo siwezi kulinyamazia ni hasara. Kifungu kinasema lengo la wanasayansi ni "kupunguza hasara ya chembe". Nakubali kwamba chembe zikitoroka ni tatizo. Turudi kwa mbwa wetu. Weka mbwa wengi, kila mmoja na waya wake, nyaya zikiwa zimekaribiana. Mbwa wawili wakigongana, mnyororo wa mmoja unaweza kurukia waya wa jirani. Agongane tena, aruke tena. Hatua kwa hatua anafika ukingoni. Chembe hupotea hivyo, kwa kugongana, na wataalamu wa mwanzo walidhani hiyo ndiyo njia kubwa ya upotevu. Wakapiga hesabu zao, wakatarajia plazma ikae muda mrefu, nayo ikawatoroka kwa kasi ambayo hesabu hazikuitabiri. Kumbe ndani yake mna msukosuko, mawimbi na vizingia kama vya maji ya mto uliofurika, vinavyobeba chembe kwa mafungu kuzipeleka nje. Mnamo 1982, kule Garching nchini Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waligundua katika mtambo uitwao ASDEX kwamba plazma ikipashwa joto vya kutosha, msukosuko wa ukingoni hutulia ghafla na upotevu hupungua sana. Hakuna aliyekuwa ametarajia hivyo. Kifungu hakina hata neno moja kuhusu msukosuko, na bila huo msomaji hataelewa kwa nini kazi iliyoanza zaidi ya miaka sabini iliyopita haijaisha.

Lakini hasara ni neno la dukani. Linahukumu. Linasema kila kinachotoka kingefaa kubaki, na hapo ni uongo. Viini vya haidrojeni vikiungana huzaa heliamu, na heliamu ikishatoa joto lake haina kazi tena. Ikibaki ndani inaizonga plazma na kuipunguzia makali. Mitambo ya kisasa ina sehemu maalumu chini yake ya kuongoza uchafu huo utoke. Mama yeyote anayepika kwa jiko la makaa anajua jivu likijaa moto hufa. Hasemi amepata hasara ya jivu, anakung'uta jiko. Kwa hiyo tungesema kuvuja kwa kile tusichotaka kitoke, na kutoa au kukung'uta kwa kile tunachotaka kitoke. Kiswahili kinatofautisha mambo haya vizuri, kifungu kikayatia gunia moja.

Na nyutroni je? Hapa ndipo kifungu kinapojifunga bao. Aya ya mwisho inaeleza, na kwa usahihi, kwamba nyutroni zinazozaliwa katika muungano huo hupita hadi kwenye ukuta wa chuma na kubeba sehemu kubwa ya nishati. Ni kweli: kwa mchanganyiko wa aina mbili za haidrojeni nzito unaotarajiwa kutumiwa, karibu asilimia 80 ya nishati huondoka na nyutroni, na joto hilo ndilo litakalochemsha maji yatoe mvuke wa kuzungusha mashine za stima, kama mvuke wa ardhini unavyozizungusha kule Olkaria. Sasa, ikiwa uga wa sumaku ni ukuta, nyutroni zinaupenyaje? Aya ya pili inajenga ukuta, aya ya nne inaupita bila kubisha hodi, na mtunzi haoni kwamba ana deni la maelezo.

Aliyeliona deni hilo ni yule msichana. Kifungu kilikuwa kimetaja kwamba chembe za plazma zina chaji. Kilikuwa kimetaja kwamba nyutroni hazina. Akaweka moja na moja, akapata mbili: kinachozuiwa ni chenye chaji, kisicho na chaji kinatoka tu. Hata ua wa stima wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru uko hivyo kwa namna yake. Unamzuia kifaru, lakini heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, akichoka na ziwa huruka akaenda zake Bogoria au Elmenteita, na hakuna anayesema ua umeharibika.

Nitoke nje ya mtihani kidogo, kwa sababu kuna jambo linaniuma. Watunzi wetu wakitaka mfano wa mambo haya hukimbilia China na Ufaransa, kana kwamba habari ya chembe zilizonaswa na sumaku haijawahi kukanyaga nchi hii. Dunia yenyewe ni mtego wa namna hiyo. Sumaku yake imenasa chembe zenye chaji mbali juu ya vichwa vyetu, zikirukaruka kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi, na zile zinazoingia kwa pembe ya kunyooka sana huvuja karibu na ncha za dunia. Tarehe 15 Novemba 1971, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, kulirushwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa Explorer 45 kwenda kuzichunguza hasa chembe hizo na dhoruba zinazozitikisa. Mwaka mmoja kabla, jukwaa hilohilo lilikuwa limerusha nyingine siku ya Jamhuri, 12 Desemba 1970, nayo ikapewa jina Uhuru; hiyo inatajwa mara kwa mara kwa sababu ya jina lake. Ile ya chembe ilipewa nambari tu, tukaisahau. Kifungu kingeanzia Malindi, mtahiniwa angesoma kitu kinachomhusu.

Nilipomweleza mwalimu haya alinyamaza, kisha akauliza swali la maana. "Sawa, ukuta unaondoka. Neno lake lingekuwa lipi?" Nikamwambia kitenzi ninachokipenda ni kuchunga. Mchungaji wa Bonde la Ufa hakumfunga ng'ombe yeyote, lakini kundi haliendi popote asipotaka, na akilegea linaingia shamba la mtu. Mwalimu akacheka sana. "Profesa, nikiandika uchungaji wa plazma, watoto watadhani kuna pasta." Ana haki. Mimi ningeiacha nomino hiyo ilale, niseme tu kwamba uga wa sumaku huichunga plazma, na panapolazimu nomino nitumie kuzuilia. Atakayepata bora zaidi aniandikie.

Turudi kwenye hukumu. Hoja ya mwalimu kwamba jibu la ufahamu litoke kifunguni ni hoja sahihi, nami nimeifundisha miaka mingi. Lakini kutoka kifunguni si kunakili sentensi iliyo karibu na swali. Msichana alisoma aya ya pili na ya nne pamoja. Mwongozo ulisoma ya pili pekee. Jibu lake limo kifunguni kuliko lile la mwongozo. Apewe alama zote mbili.

Halafu aondolewe nusu. Zinazungukanga ni Kiswahili cha stejini na cha sokoni Wakulima, na mimi mwenyewe hukitumia nikinunua viazi, lakini sarufi ya mtihani inadai huzunguka. Mwongozo unasema makosa ya sarufi yaadhibiwe, na hapo hauna kosa. Moja na nusu, Mwalimu. Na yule mwenzako wa kalamu ya kijani, mnunulie chai.